Diski Iliyobeba Sauti ya Baba

Mlio ulianza A-Ju alipofungua faili la igizo la Daraja la Mifupa. Kt, kt, kt. Kikafuata kimya kifupi, halafu kitu ndani ya lile sanduku la kompyuta kikajivuta, kikajaribu upya, kikagonga tena palepale. Kt, kt, kt. Mshale wa kipanya uliganda katikati ya skrini, na A-Ju naye akaganda, mkono hewani.

Akili ilipomrudia, jambo la kwanza alilofanya ni kukohoa. Alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha kuigiza, ili kuufunika ule mlio. Baba yake alikuwa sebuleni, nyuma ya mlango uliorudishiwa tu, akibandika ndevu mpya kwenye uso wa kikaragosi. Mzee Chin-mu hakuwa na sauti, lakini masikio alikuwa nayo, tena masikio ya kuogopesha. Mpiga ngoma akizembea kidogo upande wa pili wa uwanja wa hekalu, yeye alijua, na alijua amezembea mkono upi.

"A-Ju, umeshikwa na mafua?" mama yake akauliza kutoka jikoni.

"Vumbi tu, Mama."

Akaufunga mlango vizuri, akauegemea kwa mgongo.

Sauti ya baba yake ilikuwa ndani ya sanduku lile, na haikuwa mahali pengine popote duniani. Koo la mzee lilitolewa hospitalini mwaka juzi, pamoja na saratani aliyoichuma kwa kutafuna tambuu maisha yake yote nyuma ya pazia la jukwaa. Kabla ya kulazwa alijifungia katika chumba hiki, magodoro yameegemezwa ukutani, kipaza sauti mbele yake, akasema mpaka akatema damu. Majenerali, mabinti, watawa walevi, mapepo, vikongwe wenye kiburi. Katika maigizo ya vikaragosi ya huku kwetu Huwei mtu mmoja husema sauti zote, na mtu huyo ndiye kundi lenyewe. Wengine ni mikono tu. A-Ju na mama yake, Hsiu-luan, walikuwa mikono. Kwenye sikukuu za mahekalu walichezesha vikaragosi, na sauti ya mzee ikatoka kwenye spika, na watu wakasema kundi la ukoo wa Hsu bado lipo.

Mtu ataniuliza: kitu cha thamani kiasi hicho, watu wazima na akili zao, wanakosaje nakala? Aulize, maana ni swali zuri. Zamani, enzi za kanda, kibarua mmoja wa kundi alizinakili kanda za Mzee Chin-mu usiku akaziuza. Mwaka huo mzee alikwenda zake kuhiji katika hekalu la mji jirani, akasimama uwanjani na vijiti vya ubani vinavyowaka mkononi, akajisikia mwenyewe anaongea kutoka kwenye jukwaa la kundi jingine. Alirudi nyumbani hasemi. Tangu siku hiyo ikawa sheria: sauti haitoki nyumbani na hainakiliwi. Kompyuta ile haikuwahi kuunganishwa na mtandao hata siku moja. Matundu yake yote ya kuchomeka vitu yalizibwa kwa gundi ya karatasi, ule utepe wa kubandika. Kundi likialikwa kucheza, sanduku zima lilivingirishwa kwenye mfarishi, likapakatwa na Hsiu-luan kwenye lori mpaka hekaluni, likarudishwa nyumbani vivyo hivyo. Barabara za mashambani zina mashimo. Diski ngumu haipendi mashimo, lakini nani alikuwa anaiuliza diski?

Na keshokutwa ilikuwa sikukuu ya mungu wa hekalu la mtaa wao wenyewe. Mungu alikwisha kuchagua igizo. Hsiu-luan alirusha mbele yake vibao viwili vya umbo la nusu mwezi, ambavyo kwa kuanguka kwake hutoa jibu la mungu, akataja igizo moja baada ya jingine, na mungu akayakataa yote hadi alipotaja Daraja la Mifupa. Hapo akakubali, mara tatu mfululizo. Jibu la namna hiyo halibadilishwi kwa sababu eti kompyuta ni mbovu.

A-Ju akachukua simu, akapita uani, akasimama kando ya mashine ya kufulia iliyokuwa inazunguka, akampigia binamu yake A-Kun, anayetengeneza kompyuta mjini Taichung.

"Dada A-Ju! Leo umenikumbuka, mvua itanyesha."

"Kun, acha utani. Kompyuta ya Baba inalia."

"Inalia pii, au inalia kt-kt?"

"Kt-kt."

A-Kun, mtu ambaye haachi utani hata kwenye matanga, aliuacha.

"Izime," akasema. "Usifungue kitu, usifute kitu. Nenda kaizime, halafu urudi tuongee."

"Nimeiacha inawaka."

"Basi unasubiri nini, dada yangu? Nenda!"

Alikwenda, akaizima. Feni ilipokata, nyumba nzima ikawa kimya, na kwa kimya kile akasikia kisu kidogo cha baba yake kikikwangua gundi upande wa pili wa ukuta. Alirudi uani mbio.

"Sasa nisikilize," A-Kun akasema. "Inaweza isiwe diski. Nimeshaona watu wanalia msiba mzima, kumbe ni waya. Fungua ubavu wa sanduku. Kuna waya bapa mwekundu unaotoka kwenye diski. Uchomoe, weka ule wa kifaa cha kusomea CD, ule hamuutumii. Ukiwasha, itakuja skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Itakuuliza kama unataka iikague diski na kuirekebisha. Usikubali. Itakuhesabia sekunde, kabla hazijaisha bonyeza kitufe chochote."

"Kwa nini nisikubali? Si inataka kusaidia?"

"Inataka kusaidia kama bibi Chang alivyotaka kumsaidia mumewe kwa dawa za mizizi mpaka akamzika. Diski mgonjwa ukimwambia ajirekebishe anajichimba mpaka anakufa. Kwanza tunatoa kilichomo. Matibabu baadaye. Halafu, dada..."

"Nini?"

"Ile pakiti ya kijani mmeiweka? Haijapita muda wake?"

A-Kun hakuwa anatania. Kisiwani kwetu hakuna mashine ya maana isiyowekewa pakiti ya bisi za mahindi, zile za ladha ya nazi, ili itulie na kufanya kazi. Hospitali wanaweka, benki wanaweka. Lazima iwe ya kijani, haifunguliwi, hailiwi, na tarehe yake ikipita ni balaa. Hsiu-luan alizibadilisha hizo pakiti kwa uaminifu kuliko alivyobadilisha mapazia.

"Ipo," A-Ju akasema. "Mama hasahau."

"Basi tuna matumaini."

Alirudi chumbani, akaubadilisha waya huku jasho linamdondokea kwenye vyuma. Kila alipogusa kitu aliwaza kwamba pengine hicho ndicho kitu kisichotakiwa kuguswa. Akawasha. Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe yakaja kama alivyoambiwa, namba zikaanza kushuka, na A-Ju akabonyeza kitufe cha nafasi. Hakikufanya kitu. Akabonyeza tena. Kibodi ile ilikuwa nzee, vitufe vingine mpaka uvipige ngumi ndipo viitike. Namba zilikuwa zimefika tatu. Akaipiga kibodi yote kwa viganja viwili.

Skrini ikasita, halafu ikaendelea. Alikaa sakafuni akalia kidogo, bila sauti, kisha akajifuta uso kwa fulana.

Hakukuwa na mlio. Kwa muda wa kama kunywa kikombe cha chai hakukuwa na mlio hata kidogo, na A-Ju akaanza kuamini kwamba ni waya, kwamba atawasimulia watu kisa hiki wacheke. Halafu, kt. Moja tu. Halafu mbili.

Simu ilikuwa sikioni. "Si waya," akanong'ona.

"Nimesikia," A-Kun akasema, taratibu. "Fungua ile programu niliyowawekea, ile ya kupima afya ya diski. Nisomee."

Programu ilifunguka kwa kusuasua. Juu yake kulikuwa na kisanduku chekundu kilichoandikwa Mbaya, kana kwamba A-Ju alihitaji kuambiwa. Akasoma mistari. Vipande vilivyokufa, vingi. Vipande vinavyosubiri kufa, vingi zaidi. Aliposoma joto, A-Kun alimkatiza.

"Sema tena."

"Nyuzi sitini na tatu."

"Mnaikaanga? Dada, hiyo ni diski, si samaki! Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Basi hewa haitoki. Angalia nyuma."

A-Ju akapiga magoti, akalivuta sanduku kutoka ukutani. Pakiti ya kijani ilikuwa pale, imebanwa barabara kwenye matundu ya kutolea hewa, imevimba kwa joto mpaka imekakamaa. Na chini yake nyingine. Na nyingine. Pakiti tatu, zote za tarehe nzuri, zimeziba njia zote ambazo mashine ile ilikuwa inapumulia.

"Unafanya nini?" Hsiu-luan alikuwa mlangoni, kijiko cha supu mkononi. "Usizitoe! Inawaka, A-Ju, huwezi kuzitoa inawaka! Unataka mikosi?"

"Mama, funga mlango. Sema polepole."

"Kwa nini niseme polepole kwenye nyumba yangu?"

"Kwa sababu diski inakufa, Mama."

Hsiu-luan akafunga mlango. Alimtazama binti yake, akazitazama zile pakiti, na A-Ju aliona uso wa mama yake ukibadilika, kwanza hauelewi, halafu unaelewa kidogo kidogo. Hakutaka kuuona, lakini aliuona wote.

"Ile niliyoiweka juu ilikuwa inaanguka," Hsiu-luan akasema. "Nikaiweka nyuma. Nilisikia upepo wa moto unatoka pale, nikajua ndipo penye uhai wake. Mwezi uliopita ilipoanza kuwa nzito nikaongeza. Nikaongeza nyingine wiki hii kwa ajili ya sikukuu." Alikishika kijiko kwa mikono miwili. "Ni mimi? A-Ju, niambie kweli. Nimemuua?"

Alisema nimemuua. Hakusema nimeiua. A-Ju alitaka kumjibu kwamba hapana, kwamba ni uzee wa mashine, kwamba ni barabara mbovu, na yote hayo yalikuwa kweli kiasi. Alichoweza kufanya ni kumshika mama yake mkono na kumkalisha kitandani.

"Shikamoo, shangazi," A-Kun akasema kwenye simu, maana alikuwa amesikia kila kitu. "Hujamuua mtu. Hata mimi ningeweza kufanya hivyo. Dada, zitoe, uziweke juu ya meza, ziione kompyuta kwa mbali. Washa feni ya chumbani, ielekeze kwenye diski. Halafu sasa hivi, leo hii, nakili. Una diski ya nje?"

"Ninayo ya picha zangu."

"Anza na mafaili yanayofunguka bila shida. Lile linalolia liache mwisho kabisa. Ukianza nalo linaweza kuiua diski na mengine yote yakapotea. Tumia ile programu yangu nyingine, inaokota kipande kipande, inachoshindwa inaruka."

"Lile linalolia ndilo la keshokutwa."

"Ndiyo maana nakuambia liache mwisho," A-Kun akasema. "Pole, dada."

A-Ju akakata simu. Yeye na mama yake wakayatazama matundu ya kompyuta, yale yaliyozibwa kwa gundi ya karatasi. Ile gundi ilikuwa imebandikwa na Mzee Chin-mu kwa mkono wake, na juu yake kuna alama ya muhuri wake mwekundu, ili mtu akiibandua ajulikane.

"Tumwambie?" A-Ju akauliza.

"Ukimwambia atakataa."

"Na tusipomwambia?"

"Ataona muhuri umekatika." Hsiu-luan akapangusa pua. "Amelala sasa. Nimempa uji wake wa viazi vitamu kabla sijaja hapa, na akishaula hulala mpaka jua lipungue. Bandua."

Tangu upasuaji A-Ju alimwogopa baba yake kuliko zamani. Zamani akikasirika aligomba, akatukana ukoo mzima, akarusha kiti, yakaisha, jioni akakununulia barafu. Siku hizi alipokasirika alikutazama tu. Midomo ilikwenda, hewa ikapiga fii kwenye kitambaa kilichofunika tundu la shingoni alilowekewa apumulie, na maneno hayakufika. Mama yake aliyasoma midomoni bila taabu. A-Ju hakuweza, na ukweli ni kwamba hakujaribu. Baba yake akisema naye, yeye alimtazama mama yake.

Akaibandua gundi. Muhuri ukakatika katikati. Akachomeka diski ya nje, akaanza.

Faili la kwanza likapita. La pili likapita. Kila jina lililohamia upande wa pili Hsiu-luan alilitaja kwa mnong'ono, Binti wa Ziwa, Mtawa Asiye na Kiatu, Kaka Saba wa Mlimani, na kila alipotaja alikunja kidole. Joto lilikuwa limeshuka. Feni ya chumbani ilipeperusha mapazia. A-Ju hakuthubutu kukaa kitini, alisimama ameinama mbele ya skrini, na kila diski iliposita moyo wake ulisita nayo. Mara nyingine ilisita muda mrefu hadi akaanza kumwomba mungu wa hekalu kimoyomoyo, akimwahidi vitu ambavyo hakuwa navyo.

Walifika kwenye lile la mwisho. A-Ju akabonyeza.

Kt, kt, kt, kt, kt.

Sasa ililia bila aibu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Hsiu-luan akaivamia kwa mto wa kitandani, akakumbuka mambo ya hewa, akaurudisha mto kifuani mwake. Na mlango ukafunguka.

Mzee Chin-mu alikuwa amevaa fulana yake ya kulalia na bukta. Alitazama gundi iliyobanduliwa. Alitazama waya unaotoka kwenye tundu. Aliwahi kumwona mtu huyu akivunja redio ya watu kwa kigoda, kwa sababu tu ilikuwa inapiga kanda ya sauti yake.

"Baba," akasema, akimtazama mama yake. "Diski inakufa. Nimenakili. Nimekosa, lakini nimenakili."

Midomo ya mzee ikaenda.

"Anasema wewe ni mjinga," Hsiu-luan akatafsiri, machozi yanamtoka. "Hapana. Anasema sisi wote wawili ni wajinga. Anasema alianza kuisikia tangu juzi."

"Tangu juzi?"

"Anasema alidhani akinyamaza itaacha."

Mzee akavuta kigoda. A-Ju alirudi nyuma hatua moja, lakini baba yake alikiweka mbele ya kompyuta akakaa, karibu kabisa, goti lake likigusa lile sanduku lililokuwa wazi ubavu. Akanyoosha kidole kwenye skrini, akauliza kwa nyusi.

"Hilo ni Daraja la Mifupa," A-Ju akasema. "Yaliyobaki yote yametoka."

Igizo lile mzee alilirekodi mwisho, mkesha wa kulazwa, na halikuwahi kuchezwa tena. Hakuna mwingine aliyejua maneno yake. Maigizo yake hayakuandikwa popote, aliyatoa kichwani, kila mara kwa namna yake, na mtu alipomshauri ayaandike alimjibu kwamba yakiandikwa yatakuwa barua. Kwa hiyo kilichokuwa kinasomwa na ile diski, kipande kipande, huku inagonga, hakikuwa kwenye karatasi wala kwenye kumbukumbu ya mtu mwingine.

Wakakaa watatu. Mstari wa kijani unaoonyesha kilichonakiliwa ulisogea, ukasimama, ukasogea unywele. Mzee aliweka mkono juu ya sanduku kama anavyompima mtoto homa. Ndipo A-Ju akauona mkono wenyewe. Mkono ule uliweza kumfanya mdoli wa mbao anywe chai bila kumwaga, aufungue mwavuli, apande farasi. Sasa ulikuwa unatetemeka, vidole vyote vitano, na mzee hakuuficha. Baba yake alikuwa anaogopa. A-Ju hakuwahi kufikiri kwamba inawezekana, na kulijua hilo kulimtisha zaidi ya mlio wowote.

Mstari ulipopita nusu, mlio ukabadilika. Kt ikawa ndefu, ikawa mkwaruzo, kijiko kinakwangua sufuria. Skrini ikaweka maandishi ambayo A-Ju hakuyamaliza kusoma. Kisha ndani ya diski kitu kilichokuwa kinazunguka kikaanza kupungua, kikapungua, kikapungua, kikasimama. Programu ikaandika kwamba diski haionekani.

A-Ju akaizima, akaiwasha. Haikuonekana. Akachomoa waya, akarudisha. Akazima, akawasha. Alikuwa anapumua kwa kelele, anasema bado, bado kidogo, ngoja, mpaka mkono wa baba yake ukamshika kifundo cha mkono ukamzuia. Ukamshikilia hapo.

"Anasema inatosha," Hsiu-luan akasema.

"Bado nusu, Mama. Keshokutwa tutawaambia nini? Mungu amelitaka hilo."

"Anasema hebu iweke tusikie hiyo nusu."

Kompyuta ndogo ya A-Ju ilikuwa kabatini. Akachomeka diski ya nje kwa vidole visivyotii, akafungua faili. Chumba kikajaa sauti ya Mzee Chin-mu, nzito, nzima, sauti ya mtu aliyekuwa na koo. Upepo. Mto. Mlinzi wa daraja la wafu akicheka. Kisha sauti ikapanda, ikakonda, akaingia kikongwe aliyetembea siku nyingi kumfuata mwanawe kuzimu, na ilikuwa sauti ileile ya mtu yuleyule, na bado Hsiu-luan alifunika mdomo kwa huruma juu ya kikongwe asiyekuwapo. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Kitambaa cha shingoni kilipanda na kushuka.

"Mlinzi," kikongwe akasema kwenye spika, "sikuja kukuomba unifungulie. Nimekuja..."

Hapo sauti ikakwama kwenye silabi moja, ikairudia mara kadhaa kwa namna ya kutisha, kama mtu anayezama, ikakatika. Kimya. Kwenye skrini saa ya faili iliendelea kuhesabu bila kitu ndani yake.

A-Ju alisikia nje pikipiki ya muuza mboga ikipita inatangaza kabichi.

Halafu akaona kwa pembe ya jicho kwamba baba yake hakukoma pale spika ilipokoma. Midomo yake ilikuwa inaendelea. Alikuwa amechukua palepale sauti ilipokatikia, uso umekuwa wa kikongwe, kidevu kimenyanyuka, na anasema, anasema, na hewa tu ndiyo inayotoka shingoni. A-Ju akageuka haraka kumtazama mama yake. Hsiu-luan akafungua mdomo ili atafsiri.

Mzee akainua kiganja, akamnyamazisha mkewe. Akamshika A-Ju kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza uso, akauelekeza kwake.

A-Ju alitamani kufumba macho. Tundu lilikuwa pale chini ya kitambaa, na midomo mikavu juu yake, na meno mekundu ya tambuu ambayo dawa zote za hospitali hazikuyang'arisha. Miaka miwili hakuwa ameyatazama. Baba yake akasema maneno yale tena, polepole, na safari hii yeye akatazama.

"Nimekuja," A-Ju akasema, na sauti ikatoka imevunjika, ya kwake mwenyewe, ya mwanamke mwenye hofu chumbani kwao, "nimekuja kukaa naye upande huu."

Mzee Chin-mu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa kwamba hapana, si hivyo, kikongwe haongei hivyo, akainua kidole kumwonyesha apandishe sauti, na akaanza upya kuanzia kwa mlinzi.